Maisha ya Sultani Nuruddin Mahmud na Maristani Yake ya Dimishki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: watu wa kila zama wameshindana katika jambo moja, nalo ni hili: maskini akishikwa na maradhi, ni juu ya nani kulipa dawa yake? Wako wasemao kuwa ni juu yake mwenyewe na jamaa zake. Wako wasemao kuwa ni juu ya matajiri wenye huruma. Wakipenda watoe, na wasipopenda wazuie. Na wako wasemao kuwa ni juu ya mwenye kutawala, kwa kuwa mkononi mwake iko mali ya watu wote. Mas-ala haya si mageni katika Uislamu. Yalijadiliwa na mfalme na makadhi na maamiri katika nchi ya Sham, sasa ni zaidi ya miaka 800, na aliyeyajibu kwa matendo ni Sultani Nuruddin Mahmud bin Zangi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wengi humjua kwa upanga wake. Haya yafuatayo ni khabari za maristani yake na mkono wake kwa maskini.

Kuzaliwa kwake na kutawala kwake

Nuruddin alizaliwa katika Mfungo Mosi wa mwaka 511 wa Hijra, nao ni mwaka 1118 wa Miladi. Baba yake, Imaduddin Zangi, alikuwa Mturuki, mtawala wa Mosul na Halab. Zama hizo Mafaranji, yaani Wakristo waliotoka Ulaya kwa vita vya msalaba, walikuwa wameishika Baitul-Mukaddas tangu mwaka 1099, na pwani ya Sham ilikuwa mikononi mwao. Mwaka 539 (1144) Zangi aliuteka mji wa Ruha kutoka kwao. Baada ya miaka miwili, alipokuwa ameizingira ngome ya Jaabar, aliuawa usiku na mtumwa wake mwenyewe. Wanawe wakagawana utawala: Saifuddin Ghazi akashika Mosul, na Nuruddin akashika Halab, umri wake ukiwa miaka 28.

Hakuwa mwenye nchi kubwa siku hizo. Mashariki yake yuko ndugu yake, magharibi yake wako Mafaranji, na kusini uko mji wa Dimishki chini ya mtawala mwingine. Mwaka 544 (1149) alipigana na Mafaranji mahali paitwapo Inab, akawashinda, na Raymond mtawala wa Antakia akauawa vitani. Tangu siku hiyo jina lake likavuma katika Sham yote.

Kuingia Dimishki

Dimishki ilikuwa ikitawaliwa na Mujiruddin Abaq, naye alikuwa dhaifu, akiwalipa Mafaranji mali ili wamwache salama. Nuruddin aliuendea mji huo mara baada ya mara. Wala haifai kuficha lililo kweli: njia za nafaka kutoka kaskazini zilikuwa mkononi mwake, naye alizibana, na bei ya ngano ikapanda mno ndani ya mji, hata maskini wengi wakahama. Mfalme huyu, kabla ya kuwalisha maskini wa Dimishki, alikuwa ni mmoja wa sababu za njaa yao. Vita vya wakubwa daima huanza kuumiza jiko la mnyonge, na Nuruddin hakuepukana na hilo.

Katika mwezi wa Safar mwaka 549 (1154) watu wa mji walimfungulia mlango wa mashariki, akaingia bila ya kumwagika damu nyingi. Akakataza askari wake wasiguse mali ya mtu. Kisha akaanza kwa jambo lililo karibu zaidi na tumbo la mnyonge: akaondoa ushuru uliokuwa ukitozwa katika soko la matikiti na soko la mboga, na ushuru wa maji ya mfereji. Bei zikashuka, na watu wakamwombea dua. Ushuru wa namna hii, usio na asili katika sharia, aliendelea kuuondoa katika nchi zake moja baada ya moja, ijapokuwa wakusanyaji walimwonya kuwa hazina itapungua.

Kujengwa kwa maristani

Baada ya kuishika Dimishki alijenga ndani yake maristani, yaani hospitali. Neno hili asili yake ni la Kiajemi: bimar ni mgonjwa, na stan ni mahali. Mji ulikuwa na maristani ya zamani, lakini ilikuwa ndogo. Imepokewa katika vitabu vya tarehe kuwa mfalme mmoja wa Kifaranji alitekwa, naye akatoa fidia kubwa ili aachwe. Nuruddin akawashauri maamiri wake: auawe au akombolewe? Wakakhitalifiana. Yeye akachagua kuichukua mali, na mali hiyo ndiyo aliyoijengea maristani. Ikawa fidia ya adui mmoja ni dawa ya wagonjwa wasiohesabika.

Ilipokwisha kujengwa ndipo yalipotokea mas-ala yaliyo kichwa cha khabari hii: nyumba hii ni ya nani? Mwanahistoria Ibnul-Athir ameandika kuwa imemfikia khabari kwamba Nuruddin hakuifanya wakfu wa mafakiri peke yao, bali ni ya Waislamu wote, tajiri na maskini. Baadaye akaja Abu Shama, mwanachuoni wa Kishafii wa Dimishki, aliyefariki mwaka 665 (1267). Yeye hakutosheka na yaliyosemwa, akaitafuta hati yenyewe ya wakfu akaisoma, akakuta kuwa khabari ile ni neno lililoenea katika ndimi za watu tu. Hati iliifanya nyumba kuwa ya mafakiri na maskini. Lakini ilitaja wazi sharti moja: dawa kubwa zilizo adimu kupatikana asizuiliwe mwenye kuzihitaji, awe tajiri au maskini.

Na azingatie msomaji uzuri wa sharti hilo. Lau mlango ungalifunguliwa kwa wote sawasawa, wenye nguvu wangaliwatangulia wanyonge, na kitanda cha maskini kingalilaliwa na mwenye nyumba kumi. Na lau ungalifungwa kabisa kwa matajiri, mtu angalikufa na dinari zake kiunoni kwa kukosa dawa isiyouzwa sokoni. Hati ikashika njia ya kati: kitanda na chakula ni haki ya asiye nacho, na dawa isiyopatikana kwingine ni haki ya kila mwenye kuihitaji. Imepokewa kuwa Nuruddin mwenyewe alifika katika maristani hiyo akanywa katika dawa zake, naye ni mfalme, kwa idhini ya sharti hilo hilo.

Jinsi ilivyoendeshwa

Wakfu usio na msimamizi ni kama mtumbwi usio na kafi. Nuruddin aliiwekea maristani mashamba na majengo ya kuipatia mapato, na akamweka juu yake tabibu Abulmajd bin Abilhakam. Ibn Abi Usaibia, aliyeandika maisha ya matabibu, ametaja kazi ya tabibu huyu: asubuhi huwazungukia wagonjwa mmoja mmoja, akatazama hali zao, na watumishi mbele yake, na kila dawa au chakula atakachoandika hutolewa bila ya kucheleweshwa. Kisha hupanda ngomeni kuwatazama wakubwa wa dola walio wagonjwa. Akishuka, hurudi katika ukumbi mkubwa wa maristani uliotandikwa mazulia, akaketi na matabibu na wanafunzi kwa muda wa saa tatu, wakisoma na kujadiliana. Nuruddin alikuwa ameweka wakfu humo vitabu vingi vya tiba, navyo viko katika makabati mawili mbele ya ukumbi. Basi nyumba ikawa ni ya kutibu na ya kusomesha pamoja.

Mwaka 580 (1184), miaka kumi baada ya kufa kwa Nuruddin, Ibn Jubair, msafiri kutoka Andalusi, alipita Dimishki akaiona. Aliandika kuwa matumizi yake ni karibu dinari 15 kila siku. Kuwa wasimamizi wana madaftari yenye majina ya wagonjwa na gharama ya dawa na chakula cha kila mmoja. Kuwa matabibu huja mapema kila asubuhi. Na kuwa hata wenye wazimu wana matibabu yao. Katika daftari lile maskini hakuwa ombaomba asiyejulikana, alikuwa mtu mwenye jina, na mbele ya jina lake imeandikwa haki yake.

Tetemeko na mayatima

Mwaka 552 (1157) nchi ya Sham ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Miji ya Hama na Shaizar iliharibika kupita mingine. Imesimuliwa khabari ya mwalimu mmoja wa chuo katika Hama. Alitoka chuoni kwa haja yake, tetemeko likaja, chuo kikawaangukia watoto wote wakafa. Mwalimu akangoja wazee wao waje kuwauliza. Hakuja hata mmoja, kwa kuwa wazee nao walikuwa wamekwisha kufa.

Nuruddin alijenga upya kuta na ngome za miji, kwani adui alikuwa karibu. Lakini hakuishia katika mawe. Katika miji yake alianzisha vyuo vya mayatima, akawawekea walimu mishahara na watoto posho ya kuwatosha. Mwaka huo huo yeye mwenyewe aliugua maradhi mazito hata watu wakaanza kunena ni nani atakayemrithi. Alipona, na kazi zake za kheri zikazidi.

Baraza la wanazuoni

Katika mwezi wa Safar mwaka 554 (1159) aliwakusanya makadhi na wanazuoni ngomeni Dimishki. Jambo lenyewe lilikuwa mali ya wakfu wa Msikiti Mkuu wa Banu Umayya, ambayo ilikuwa imechanganyika na mali nyingine za masilahi ya Waislamu. Mfalme alitaka zitenganishwe, na alitaka kujua: ziada ya wakfu yaweza kutumiwa katika kuta za mji na mahandaki ya kumzuia adui? Alikuwa na jeshi, na lau angalitaka kuichukua hapana angalimzuia, lakini aliuliza.

Aliyesema neno la kukata ni Sharafuddin bin Abi Asrun, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii. Alisema kuwa mali iliyowekwa kwa jambo moja haifai kuhamishiwa jingine. Ikiwa dharura imefika, basi mtawala na akope, na deni hilo lilipwe kutoka Baitul-mali. Wengine waliokuwapo wakamwafiki, na mfalme akakubali hukumu.

Mwanachuoni huyu huyu ndiye aliyetoa fatwa iliyojenga kazi zote za Nuruddin. Watu waliuliza: mfalme awezaje kuweka wakfu ardhi ya Baitul-mali, na wakfu hausihi ila kwa mwenye kumiliki? Jawabu lake lilikuwa kwamba huo si wakfu khasa, bali ni irsadi, yaani kuitenga mali ya Baitul-mali kwa ajili ya wale walio na haki ndani yake, ili asije mtawala mwingine akawazuilia. Maana yake ni kubwa. Mfalme hatoi sadaka katika mali yake. Anawafikishia wenye haki kilicho chao.

Baada ya kushindwa

Mwaka 558 (1163) Nuruddin alipiga kambi chini ya ngome ya Hisnul-Akrad. Mafaranji wakawashambulia ghafula mchana, watu wake wakauawa na kutekwa, na yeye akaokoka kwa shida juu ya farasi. Alikimbilia karibu na Hims, akaanza kuwalipa askari badala ya walivyopoteza. Mali nyingi ilitakiwa, na kwa upesi.

Hapo ndipo baadhi ya wakubwa walipomjia na shauri. Walisema kuwa katika nchi zake kuna posho nyingi wapewazo mafakiri, wanazuoni, masufi na wasomaji wa Kurani. Lau angalizichukua wakati huu kwa ajili ya vita, zingalimfaa. Shauri hilo si geni: kila hazina inapobanwa, mkono wa kwanza hunyoshwa kwenye sahani ya mnyonge, kwa kuwa yeye hana wa kumtetea barazani.

Nuruddin alikasirika sana. Aliwajibu kuwa ushindi anautarajia kwa ajili ya hao hao. Vipi atawakatia watu wanaompigania kwa dua zao akiwa amelala kitandani, kwa mishale isiyokosea, ili awape wengine wasiopigana ila wakimwona, na mishale yao mara hupata na mara hukosa? Kisha akataja hoja ya sharia, nayo ni nzito kuliko ile ya kwanza: watu hao wana fungu lao katika Baitul-mali, na haimjuzii yeye kuchukua haki ya mtu akampa mwingine. Wakanyamaza. Posho zikabaki, na mwaka uliofuata akawashinda Mafaranji mahali paitwapo Harim.

Nyumba ya uadilifu

Maamiri wake walipokaa Dimishki walijipatia mashamba na majumba, na baadhi yao wakawadhulumu majirani. Mkubwa wao alikuwa Asaduddin Shirkuh, ami yake Salahuddin, naye makadhi waliona taabu kumhukumu. Nuruddin akajenga Nyumba ya Uadilifu, akawa akiketi humo siku mbili katika juma pamoja na kadhi Kamaluddin Shahrazuri na wanazuoni, akisikiliza mashitaka bila ya bawabu wala kizuizi. Shirkuh alifahamu kuwa nyumba hiyo imejengwa kwa ajili yake. Akawaamuru mawakili wake wamalizane na kila mwenye madai, hata kama atatokwa na mali yake yote. Nuruddin alipoketi na asione mtu wa kumshitaki Shirkuh, akauliza sababu, na alipoambiwa akasujudu kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Naye mwenyewe hakujitoa katika hukumu. Siku moja alikuwa akicheza mpira juu ya farasi, akajiwa na mjumbe wa kadhi kuwa kuna mtu anayemdai. Akaitupa fimbo ya mchezo, akaenda, akasimama sawa na mdai wake. Haki ikathibiti kuwa ni ya mfalme. Ndipo akamwachia yule mtu kile alichokidai.

Mali ya nyumbani kwake

Hakuwa akila wala kuvaa ila kwa mali yake mwenyewe, aliyoinunua kwa fungu lake la ngawira. Mkewe alipolalamika kuwa masurufu yamekuwa finyu, alimpa maduka matatu yaliyokuwa yake katika Hims, ambayo kodi yake ilikuwa kama dinari 20 kwa mwaka. Mke akaona ni kidogo. Akamjulisha kuwa hana zaidi ya hayo, na kwamba yote mengine yaliyo mkononi mwake ni amana ya Waislamu, na yeye ni mtunzaji tu. Dinari 20 zile hazikufika matumizi ya siku mbili ya maristani. Mke wa mfalme alikuwa akipata katika mwaka mzima chini ya walichotumia wagonjwa maskini wa mji mmoja kwa siku mbili.

Yeye alikuwa wa madhehebu ya Hanafi, walakini hakuwapendelea Mahanafi katika kheri zake. Alimjengea Hafidh Ibn Asakir, Mshafii, nyumba ya kusomeshea Hadithi Dimishki, na alianza kuwajengea Mashafii madrasa kubwa ambayo mauti yalimkuta haijakwisha.

Kufa kwake

Katika Mfungo Mosi wa mwaka 569 (1174) alishikwa na maradhi ya koo. Tabibu Rahbi, mmoja wa walioitwa, amesimulia kuwa walimkuta katika chumba kidogo cha ngome alichozoea kufanyia ibada, sauti yake haisikiki ila kwa shida. Wakamshauri kwanza ahamishwe mahali penye wasaa na mwangaza. Kisha wakamshauri atolewe damu. Akakataa, akisema kuwa mtu wa miaka sitini hatolewi damu. Wakamtibu kwa dawa nyingine, zisifae. Aliyewajengea maelfu nyumba ya dawa hakupata dawa ya koo lake, na kila nafsi ina ajali yake. Alifariki tarehe 11 ya mwezi huo. Alizikwa ngomeni, kisha akahamishiwa katika madrasa yake ndani ya mji.

Yaliyobaki baada yake

Dola yake haikudumu. Mwanawe alikuwa mtoto, na Salahuddin akaja akaichukua nchi. Maristani ndiyo iliyodumu. Ndani yake alisoma tiba Alauddin Ibnun-Nafis, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 687 (1288), aliyebainisha kuwa damu hupita katika mapafu itokapo upande wa kuume wa moyo kwenda upande wa kushoto. Amiri Qalawun alipougua tumbo Dimishki alitibiwa kwa dawa za maristani hiyo, akaenda kuitazama, akaweka nadhiri kuwa Mungu akimpa ufalme atajenga iliyo mfano wake. Akawa Sultani wa Misri, na mwaka 683 (1284) akaimaliza maristani kubwa ya Kairo. Na Ibnun-Nafis alipokufa aliiachia maristani hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Ile ya Dimishki iliendelea kutibu watu mpaka karne ya 19, na mwaka 1978 ikafanywa nyumba ya makumbusho ya tiba na elimu za Waarabu.

Basi na aangalie mwenye akili. Nuruddin alishinda vita na akashindwa, alipata miji, na pengine aliwatia watu dhiki katika kuipata. Hayo yote yamepita pamoja na wenyewe. Lililobaki ni kwamba aliuliza kabla ya kuchukua, akaandika sharti kabla ya kufungua mlango, na akakataa kulipa gharama ya kushindwa kwake kwa posho ya mafakiri. Kila aliyepewa ufunguo wa mali ya watu, iwe ni hazina ya nchi au wakfu wa msikiti mmoja, ataulizwa kama alijihesabu kuwa mwenye mali au mtunzaji. Na maskini aliye mgonjwa haombi ihsani ya mtu. Anangoja fungu lake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Nuruddin, amsamehe makosa yake, awaponye wagonjwa wa Waislamu, na awape wenye kutawala uadilifu na huruma. Amin.